Sindano za Wifi Yangu Waridi

Wifi yangu Waridi alikuwa na sauti nyembamba, nami sitaisifu kupita kiasi. Haikuwa sauti ya kumtoa mtu machozi. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayejua kwamba akibisha atafunguliwa. Alikuwa akifika mlangoni kwa watu anasema "Hodi humu," na ndani wanawake wanaitikia "Karibu Waridi" bila hata kuinua kichwa. Aliye kichwa wazi anabaki kichwa wazi, aliyejifunga kanga kifuani anaendelea kuchambua mchele wake.

Mbeya ya miaka ile, kwa sisi Waislamu wa mjini ambao babu zetu walikuja huku bara kwa biashara, wakailaani baridi na wasirudi pwani, sauti ya mlangoni ndiyo iliyoamua kila kitu. Ikiwa ya kike, nyumba inabaki ilivyo. Ikiwa ya kiume, wanawake wanatimka kutafuta ushungi na mwenye nyumba anatoka kwanza kwa kukohoa. Waridi alikuwa msusi, alikuwa mpambaji wa maharusi, na alikuwa somo wa wasichana wengi, maana yeye ndiye aliyewafunda walipovunja ungo. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya vyumba vya wanawake. Kakangu Matano, mumewe, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, na mimi Mwantumu, niliyeachwa na mume kwa sababu ya ulimi wangu, nilikuwa nakaanga vitumbua. Tuliishi ua mmoja, sisi watatu, na kwa kweli tuliishi vizuri.

Mwaka wa hamsini na tano Waridi alikatwa titi la kushoto. Uvimbe ulianza mdogo, yeye akauficha, na alipouonyesha ulikuwa umekwisha kuwa jiwe. Watu wa mtaani tuliwaambia amepasuliwa jipu. Kwetu ugonjwa wa mahali pale ulikuwa hautajwi, kana kwamba kuutaja ni kuvua nguo sokoni. Alijitengenezea kifungu cha pamba, akakishonea ndani ya blauzi, akarudi kazini. Hata mimi sikuonyeshwa kovu lake, na mimi ni mtu wa kuulizauliza.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi. Vilitokea vijiwe karibu na kovu, na mgongo ukaanza kumuuma hata akawa hawezi kuinama kumsuka mtu. Tukaenda naye hospitali kubwa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya "pole" na "vua". Kando yake alisimama dresa mmoja, mfunga vidonda wa Kinyakyusa, Jailos, mtu mzima mwenye wanawe, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Daktari akasema maneno mengi. Akaonyesha kidevu chake mwenyewe, akashika koo, akamtazama Waridi kwa huruma. Jailos akawa anatazama sakafu.

"Mama," akasema mwishowe, "daktari anasema hii sindano itakupa nguvu. Na mwili utabadilika kidogo."

"Ni hayo tu?" nikamuuliza. "Mbona yeye amesema mpaka amekauka mate?"

"Ni hayo tu, mama."

Nilishuka moyo nilipoiona dawa yenyewe. Ilikuwa nzito kama mafuta ya kula, na sindano yake ilikuwa ya kumchomea ng'ombe. Waridi akawa anakwenda kuchomwa mara tatu kila wiki, anarudi akichechemea.

Lakini lazima niseme haki ya ile dawa. Mwezi haukuisha maumivu ya mgongo yakaondoka. Waridi akaanza kula, na akila anakula kweli, ugali na maharage sahani imejaa, kisha anauliza kama viko vitumbua vilivyobaki. Alikuwa akichota maji mwenyewe. Alipasua kuni. Usoni alitokwa na chunusi za msichana wa miaka kumi na mitano, nikamtania kwamba tutamtafutia mchumba. Mchumba mwenyewe alikuwa yupo. Matano, aliyekuwa akishona mpaka taa ya duka izimwe, akaanza kufunga cherehani jua likiwa bado juu, anapita uani akitazama miguu yake, na mimi nikajifanya nina shughuli kwa jirani. Asubuhi Waridi alikuwa akiwasha moto huku anatabasamu peke yake. Nilifurahi. Nilikuwa nimekwisha anza kumlilia moyoni, na sasa namwona anacheka.

Kisha zikaja ndevu. Kwanza zilikuwa nywele laini za malaika tu pembeni mwa mdomo, baadaye zikakaza kidevuni. Nilimkalisha uani mahali pasipoonekana na mtu, nikampaka sabuni, nikamnyoa kwa wembe wa Matano. Tulicheka mpaka nikamkata kidogo. Ndevu tungeweza kuzimudu, kwa kuwa wembe upo na ushungi upo.

Sauti ndiyo hatukuwa na la kuifanya. Ilianza kama mafua, wakati wa ule ukungu wa Juni unaolala mjini mpaka saa nne asubuhi. Nikamchemshia tangawizi. Nikampa asali na ndimu, na mayai mabichi aliyoyameza kwa kinyaa. Badala ya kufunguka, sauti ikazidi kushuka, siku moja imekwama, siku nyingine inakwaruza, hata asubuhi moja aliniambia "Wifi, amka," nikaruka kitandani nikidhani Matano ameingia chumbani kwangu.

Siku ile ile alichukua kikapu chake cha vitana na mafuta ya nazi, akaenda kumsuka mke wa muuza ngozi mmoja ambaye alikuwa akimsuka miaka yote. Akafika mlangoni, akasema "Hodi humu." Ndani akasikia vigoda vinaanguka na miguu inakimbia. Mtoto akalia. Mwenye nyumba akatoka akikohoa, akasema "Karibu bwana," akamkuta Waridi amesimama na kikapu chake. Waliangaliana. Mwanamume yule, kwa heshima yake, hakucheka. Akasema tu kwamba leo wenyewe wana udhuru.

Waridi alirudi nyumbani, akatundika kikapu ukutani. Nyumba nyingine alizokwenda baada ya hapo zilimkaribisha, hapana aliyemfukuza. Ila walikuwa wakikaribia mlango wamejitanda, wakimsikia akizungumza wanaangaliana, na wale wasichana waliokuwa wakimweleza mambo yao wakawa wanajibu ndiyo na hapana. Aliniambia jambo moja ambalo sikulisahau. Alisema, "Naingia chumbani, na chumba kinajifunga ushungi."

Mimi niliwaka. Nikaenda hospitali, nikamkuta Jailos anafua bandeji, nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Mama Mwantumu, mimi nilijua," akasema, naye hakujitetea. "Daktari alisema yote. Ndevu, sauti, na yale mengine ya usiku. Lakini yule ni sawasawa na mama yangu. Kwetu Tukuyu mtu hawezi kusimama mbele ya mama yake aanze kuhesabu habari za mwili wake. Niliona haya. Mdomo ulikataa."

Nilikuwa nimekwenda na maneno makali tayari, nikajikuta sina pa kuyaweka. Maana ndani ya nyumba yetu wenyewe, nani angeyasema? Nikamwuliza kama sauti itarudi. Akaingia kwa daktari, akatoka, na safari hii akatafsiri neno kwa neno huku jasho linamtoka: akiacha sindano ndevu zinaweza kupungua, sauti huenda isirudi tena, na ugonjwa utarudi bila shaka.

Nilimpelekea Waridi maneno hayo kama yalivyo. Hakuyakubali. "Kilicholetwa na sindano kitaondoka na sindano," akasema.

Tulikuwa hapo ndipo habari ikaja kutoka Iringa kwamba Bibie anaolewa. Bibie alikuwa binti wa Selemani, mfanyabiashara aliyehamia Iringa kutoka Mbeya, na Waridi ndiye somo wake. Hakuna mtu mwingine angeweza kukaa naye chumbani siku za arusi, na hakuna mtu mwingine angeweza kujibu mlango. Kwetu, bwana arusi akishafungishwa ndoa, huletwa na ndugu zake mpaka mlango wa chumba cha bibi arusi. Wanabisha hodi. Ndani somo anajibu, anawauliza wao ni nani na wamekuja na nini, wanajibizana kwa maneno matamu na utani mpaka mlango ufunguliwe. Ile ndiyo saa ya somo. Nyumba nzima inamsikiliza yeye.

Waridi alifurahi, kisha akaanza kuhesabu siku zilizobaki.

Siku chache baadaye nikakutana na Jailos sokoni ananunua viazi. Akanisalimu, akauliza, "Mama yetu mbona haji tena? Daktari anamwulizia." Mimi nilikuwa nikimwona wifi yangu akitoka kila siku ya sindano, ushungi kichwani, anaaga. Kumbe alikuwa akienda kukaa kwa mwanamke mmoja wa Kisafwa anayeuza njegere njiani, anamsaidia kuzimenya, na saa ya kurudi anarudi akichechemea kama kawaida.

Tuligombana siku ile. Nilimwambia anajiua kwa ajili ya mlango. Nilimwambia kuna wanawake wamelala makaburini wenye sauti nzuri sana. Yeye alikuwa anapepeta mchele, hakunyanyua macho.

"Wewe unataka niishi," akasema kwa ile sauti yake nene. "Na mimi nataka. Lakini niishi wapi, wifi? Huku nje na wanaume? Mimi maisha yangu yako ndani."

Nilitaka awe hai. Yeye alitaka kuwa Waridi. Nilimwomba Matano amlazimishe, naye akasema hajui namna ya kumlazimisha mtu kuchomwa sindano, akarudi kwenye cherehani yake akashona mkono wa shati mahali pa kola.

Basi tukaenda Iringa, mimi na yeye. Maumivu ya mgongo yalikuwa yamekwisha anza tena, nayo barabara ile haikuwa na huruma na mgonjwa. Kila shimo lililopita chini ya gurudumu nililiona usoni mwake. Tulipofika Nyololo abiria wote walishuka kunyoosha miguu, yeye hakuweza, nikampitishia kikombe cha chai dirishani. Akapanda mama mmoja wa Kibena na kuku wake, akatusalimu "Kamwene." Mimi nikaitikia, Waridi akatikisa kichwa.

"Dada yako ni bubu?" mama akaniuliza.

"Tangu juzi," nikasema. Akampa pole, akampa na ndizi.

Nyumbani kwa Selemani, pale Miyomboni, Bibie alimrukia somo wake akamkumbatia mpaka Waridi akauma meno kwa maumivu. Waridi akamnong'oneza kwamba ana mafua. Na kwa siku zote zile mlango ulipokuwa umefungwa na bibi arusi anapakwa liwa, Waridi alifanya kazi yake kwa kunong'ona. Haikumtatiza sana, maana mengi ya mafunzo yale hata mwenye sauti huyanong'ona. Mchana nilimsikia Bibie anacheka ndani, nikajua kazi inakwenda. Lakini kila asubuhi, kabla watu hawajaamka, Waridi alijaribu sauti yake akiwa amejifunika blanketi. Nililala karibu naye. Nilimsikia anasema "Nani anabisha?" na sauti ilikuwa ile ile.

Tukafanya shauri. Mlango nitaujibu mimi. Nitaingia chumbani mapema, nitasimama karibu na kitasa, na Waridi atakuwa ananinong'oneza maneno. Waliokuwa nje hawakunijua, wangedhani mimi ndiye somo. Lilikuwa shauri zuri na lingefanikiwa kama si mvua.

Ilikuwa mwanzo wa masika ya huko juu, mawingu yamesimama juu ya vilima tangu adhuhuri. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya alasiri, na watu wa bwana arusi walipoona mbingu wakaamua wasingoje, wakaja mbio mbio. Mimi nilikuwa uani nimebeba sinia la pilau. Nikasikia dufu zinapigwa barazani. Nilipoingia ndani, ukumbi ulikuwa umekwisha jaa watu, wanaume mbele karibu na mlango wa chumba, wanawake wa upande wao nyuma yao wamejitanda, nami nyuma kabisa na sinia langu, siwezi kupita mbele wala kulitua.

Aliyewaongoza alikuwa mjomba wa bwana arusi, mzee Kalinga, Mhehe aliyesilimu akiwa mtu mzima. Watu kama hao wanazishika adabu za dini kuliko sisi tuliozikuta nyumbani. Sisi tungebisha mpaka kesho, tungecheka, tungeimba. Yeye alibisha hodi, akangoja. Ndani kimya. Akabisha ya pili, akangoja. Kimya. Mimi nilipaza sauti waningoje lakini dufu zilinimeza.

Mzee Kalinga akatugeukia, akainua mkono, dufu zikanyamaza.

"Hodi ni mara tatu," akasema. "Ya tatu isipoitikiwa, mgeni anarudi alikotoka. Ndivyo tulivyofundishwa." Watu wakacheka wakidhani anatania. Mimi nilikuwa namwona uso, hakuwa anatania. Na bwana arusi akigeuzwa mlangoni siku ya arusi, yule msichana angelibeba jambo hilo maisha yake yote. Mzee akabisha ya tatu. "Hodi."

Nikafungua mdomo, lakini Waridi akanitangulia.

"Nani anabisha?"

Sauti ile ilitoka nzima, nene, kama ya mwadhini. Ukumbi wote ukaganda. Wanawake walio mbele yangu wakavuta ushungi kwa pamoja. Nilimwona Selemani, baba wa bibi arusi, ameshika ukuta. Alawi, bwana arusi mwenyewe, kijana mwembamba aliyeinamisha kichwa tangu aingie, akakiinua.

"Kuna mwanamume humo," akasema mzee Kalinga polepole. "Chumbani kwa bibi arusi."

"Hakuna mwanamume," sauti ikajibu. "Ni mimi Waridi, somo wa Bibie. Sikiliza, mzee wangu, maana nitasema mara moja. Nilikatwa titi. Ugonjwa ukarudi, nikachomwa sindano, na sindano ndizo zilizonipa sauti hii. Ndevu pia ninazo, wifi yangu ananinyoa. Nilipokuwa nachomwa maumivu yaliondoka. Nikaziacha, ili leo nikujibu kwa sauti yangu ya zamani. Haikurudi. Maumivu ndiyo yamerudi. Basi sauti niliyonayo ni hii, na hodi yako nimeisikia. Umekuja kutafuta nini?"

Neno lile, ambalo sisi hatukulitaja hata jikoni, lilikuwa limesemwa mbele ya wanaume na wanawake, siku ya arusi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Niliona aibu, na papo hapo nilijivuna, nikatamani kuwaambia wote kwamba mwenye kunyoa ni mimi.

"Nitajuaje kama ni kweli?" akaanza mzee Kalinga.

Hapo mwanamke mmoja kati ya wale waliojitanda akasogea mbele. Alikuwa dada yake, mama wa bwana arusi, mwanamke mnene asiyesema sana. Alimwambia kakake kwa Kihehe maneno machache tu, mzee akarudi nyuma hatua moja.

Alawi akasogelea mlango. "Somo," akasema, na sauti yake yeye ndiyo ilikuwa nyembamba, "nimekuja kwa mke wangu."

"Mke wako yupo. Amekaa, ananukia, hana haraka. Umemletea nini?"

"Nimemletea doti za kanga, na marashi."

"Marashi huku anayo. Anasema baridi ya Iringa ni kali, je, wewe mwenyewe una joto?"

Mtu akaangua kicheko. Kisha mwingine. Kisha wanawake wakaachia vigelegele mpaka nikasahau sinia na kumwagia pilau mgongoni mwa mzee mmoja wa heshima. Waridi aliwashika pale mlangoni mpaka mvua ikaanza na kuisha. Utani ambao kwa sauti ya kike ungekuwa wa kawaida, kwa sauti ile uliwavunja mbavu. Alimtaka Alawi aape kwamba mkono wake hautakuwa mzito kwa mkewe. Alimtaka mzee Kalinga aimbe, na mzee akaimba. Mlango ulipofunguliwa, Alawi aliingia akiwa anacheka, jambo ambalo sijaliona kwa bwana arusi yeyote, wengi huingia wakitetemeka.

Jioni Waridi alikula pilau sahani mbili. Uso wake ulikuwa umetulia. Nikaona hii ndiyo saa yangu, nikamwambia, "Basi sasa tukirudi, kesho yake tunakwenda kwa Jailos."

Akatikisa kichwa. "Hapa ni siku moja, wifi. Hapa ni Bibie, ananipenda. Mbeya kuna milango mingi, na nyuma ya kila mlango nieleze tena? Nimechoka. Niache nikae huku nipumzike." Alisema kwa upole, bila huzuni, na upole huo ndio ulionitisha. Nililala nikiwa nimemkasirikia kwa mapenzi yote niliyonayo.

Asubuhi nilikuwa nafunga mzigo wangu ili nirudi Mbeya peke yangu kumwambia kakangu asilolitaka kusikia. Akaingia mama yake Alawi. Hakubisha. Alifunga mlango nyuma yake, akakaa mkekani karibu na Waridi, akanitazama mimi, akaona siondoki, akaniacha.

"Dada," akamwambia Waridi, "mimi maneno marefu sina." Akaushika mkono wa Waridi, akauingiza chini ya kanga yake, akaubana kifuani.

Waridi hakushtuka. Alipapasa pale kwa vidole kwa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Ramadhani. Sijamwambia mtu. Nilisema arusi ipite kwanza, nimwone mwanangu ameoa, halafu Mungu afanye anavyotaka." Machozi yalikuwa yanamteremka lakini uso wake haukukunjamana. "Jana ulipolitaja neno lile, nilidhani umenitaja mimi."

"Jiwe lako bado linatembea chini ya vidole," akasema Waridi. "Langu lilikuwa limekwisha jishikiza. Lako wanaweza kuliwahi."

"Naogopa kisu. Watu wanasema mtu anabaki na shimo."

Waridi akaondoa ushungi. Akafungua blauzi yake, vifungo vyote, akatoa kile kifungu cha pamba akakiweka mkekani. Akageuka upande wa dirisha, kwenye mwanga. Mimi niliyeishi naye ua mmoja, niliyemnyoa ndevu na kumchua mgongo, ndiyo mara ya kwanza nilipoliona lile kovu. Lilikuwa refu, limenyooka, na ngozi yake imetulia. Mama Alawi akalitazama. Kisha akanyoosha kidole, akaligusa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hakuna shimo," akasema.

"Hakuna."

"Na wewe sindano zako utaendelea?"

Waridi alianza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Nitaendelea," akasema. "Tutakwenda pamoja hospitali ya Mbeya. Dresa wa kule ni mtu mwema ila ana haya, atakuficha mambo. Nitakaa kitandani kwako nikuambie yote mwenyewe, la heri na la shari, usije ukashangaa kama mimi. Kwa siku utakazolala pale, wewe ni mgeni wangu." Halafu akanigeukia. "Wifi, usisimame hapo kama mlingoti. Nenda kwa mzee Kalinga ukamwambie dada yake anasafiri na sisi."

Mzee Kalinga aliuliza dada yake anakwenda kufanya nini Mbeya. Nikamwambia. Nililitaja neno lile kwa mdomo wangu, mbele yake, sikuliona zito nilivyodhani. Akaingia ndani, akatoka na blanketi lake jipya, akasema Mbeya kuna baridi.